Sarafu Inasubiri, Betri Haisubiri

Sarafu iliyokwama kwenye umio wa mtoto, ikipigwa eksirei kutoka mbele, huonekana kama duara jeupe karibu na usawa wa mifupa ya mtulinga. Betri bapa, ile ya kuwekwa kwenye mizani ya jikoni au rimoti ya gari, nayo huonekana duara jeupe, mahali palepale, kwa ukubwa unaokaribiana sana. Mwenye sarafu, maadamu anapumua vizuri na anameza mate yake, anaweza kulazwa akamsubiri daktari bingwa hadi kesho yake, na mara nyingine kukicha sarafu imekwisha kushuka yenyewe. Mwenye betri akisubiri hadi kesho, huenda ukuta wa umio wake ukakutwa umeungua mpaka kwenye bomba la hewa.

Mbinu za kutoa vitu vilivyokwama umioni zimekuwepo kwa zaidi ya miaka mia moja, na zinafanya kazi. Wanaokufa au kubaki na makovu ya kudumu, kwa sehemu kubwa, ni wale waliochelewa wakiwa na kitu kisichosubiri, na wale ambao msaada wa nyumbani uliwaumiza kuliko kitu chenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani atakitoa na kwa chombo gani, kuna maswali mawili yanayoamua karibu kila kitu: kimemezwa nini, na saa ngapi?

Umio wa mtu mzima ni mrija wa misuli wenye urefu wa takribani sentimita 25, unaoanzia nyuma ya koromeo na kuishia kwenye mfuko wa tumbo. Upana wake haulingani kote. Unabana pale mlangoni kabisa, shingoni. Unabana tena kifuani unapopitana na aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na tawi la kushoto la bomba la hewa. Na unabana mara ya mwisho unapopenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo. Mlango wa juu ndio unaonasa vitu vingi zaidi, hasa kwa watoto. Kitu kikishapita sehemu hizo na kuingia tumboni, hatari hupungua sana: kati ya asilimia 80 na 90 ya vitu vinavyofika huko hutoka vyenyewe kwa haja kubwa, na wanaohitaji kupasuliwa ni wachache mno, kiasi cha asilimia moja au pungufu. Mabibi wanaosema "kitatoka na choo" wamejifunza jambo la kweli kutokana na watoto wengi waliopona. Kosa ni kulitumia neno hilo kwa kitu ambacho bado kiko kifuani. Kwa macho tu hakuna anayeweza kujua kama kimeshuka au kimekwama, kwa kuwa watoto wengi wenye kitu umioni hawaonyeshi dalili yoyote katika saa za mwanzo.

Uchunguzi wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwaangalia wagonjwa 98 waliotolewa vitu kwenye njia ya hewa na ya chakula. Kwenye njia ya hewa karanga ndizo zilizoongoza. Kwenye umio, sarafu. Anayeishi nasi hatashangaa. Mtoto wa miaka miwili huokota sarafu sakafuni, na kaka yake wa miaka sita hutumwa dukani akiwa ameshika chenji mkononi, na mkono ukichoka huiweka mdomoni.

Matokeo hayo ya Bugando yanagusa mkanganyiko unaogharimu maisha. Aliyepaliwa, yaani kitu kimeziba njia ya hewa, hawezi kulia wala kusema, hakohoi kwa nguvu, na midomo inaanza kugeuka rangi. Huyo anahitaji msaada papo hapo: kupigwa mgongoni kati ya mabega, kisha kubanwa tumbo kwa ghafla kwa aliyezidi mwaka mmoja, au kubanwa kifua kwa mtoto mchanga. Aliyekwamwa umioni anapumua. Analia, anasema, pengine anatokwa udenda kwa sababu mate hayapiti, anakataa chakula, anashika shingo. Kumpiga huyu mgongoni hakumsaidii chochote. Kumtia kidole kooni kunaweza kukisukuma kitu mbele zaidi au kukiangusha kwenye njia ya hewa, na kumtapisha ni hatari vilevile. Kuna na wa tatu, aliyekwamwa kwa siku au wiki bila mtu kujua. Umio wa mtoto mdogo uliovimba hugandamiza bomba la hewa lililo mbele yake, naye hukohoa na kukoroma kifua. Watoto wa namna hii hutibiwa nimonia au pumu, chupa moja ya dawa baada ya nyingine, mpaka siku mtu anapoagiza picha. Kikohozi kisichosikia dawa kwa mtoto anayekataa pia chakula kigumu ni sababu tosha ya kupiga eksirei.

Sasa betri, ambayo inastahili nafasi kubwa kuliko vingine vyote. Watu hudhani hatari yake ni sumu inayovuja. Kuvuja kupo, lakini si ndiko kunakoanza kuunguza. Betri bapa ya lithiamu ina volti 3, na zenye kipenyo cha milimita 20 au zaidi zina ukubwa hasa wa kunasa kwenye umio wa mtoto. Ikikwama, kuta za umio huigusa pande zote mbili, na unyevu wa mwili hukamilisha mzunguko wa umeme. Kwenye upande wa ncha hasi hutengenezwa alkali kali, ya jamii ileile ya dawa za kuzibulia mabomba ya sinki, na alkali huyeyusha nyama na kuzidi kupenya ndani. Kuungua huanza ndani ya dakika 15 hivi. Ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa: umio kutoboka, tundu kati ya umio na bomba la hewa, mishipa ya fahamu ya sauti kupooza. Betri iliyoondolewa kwenye rimoti kwa sababu "imekufa" bado ina umeme wa kutosha kuunguza hivyo. Ndiyo hiyo inayoachwa mezani au kutupwa uani, mtoto akaiona.

Kuna jambo moja la nyumbani ambalo sayansi imeliunga mkono. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ya maabara na kwa nguruwe, yaliyoonyesha kwamba asali, na dawa ya vidonda vya tumbo iitwayo sukralfeti, hufunika betri, hupunguza makali ya alkali na kupunguza kina cha kidonda. Tangu hapo miongozo ya huko inashauri mtoto aliyezidi miezi 12, aliyemeza betri katika saa 12 zilizopita na anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, wakati anapelekwa hospitali. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Asali haiitoi betri, na asiyekuwa nayo asianze kuzunguka madukani kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe kabisa, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria. Lakini katika nchi ambayo asali ya Tabora na Singida inauzwa kwenye chupa kando ya kila barabara kuu, jambo hili lingefaa kufundishwa kliniki ya watoto, siku hizo hizo za chanjo.

Picha ndiyo inayotenganisha sarafu na betri, ila ni lazima zipigwe mbili, kutoka mbele na kutoka ubavuni, na zianzie shingoni hadi tumboni. Kutoka mbele, betri huonyesha duara la pili ndani ya duara la kwanza. Kutoka ubavuni huonyesha ngazi ndogo ukingoni, kwa kuwa upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine. Huo mwembamba ni ncha hasi, na ulikoelekea ndiko daktari atarajie kidonda kibaya zaidi. Sarafu haina ngazi. Picha hizo mbili hujibu pia swali la umio au bomba la hewa: sarafu ya umioni kwa kawaida huonyesha uso wake wote ikipigwa kutoka mbele na ukingo tu kutoka ubavuni. Mashine ya kupiga picha hizo ipo katika hospitali nyingi za wilaya, na kinachotakiwa zaidi ni anayeiangalia picha kujua anachotafuta. Kinywaji cheupe cha bariamu, kinachotumika katika vipimo vingine vya umio, kisitumike hapa: kinaweza kuingia mapafuni, na humfunika macho yule atakayekuja kuingiza chombo.

Mwiba wa samaki ni habari nyingine. Eksirei ya kawaida huukosa mara nyingi, kwa hiyo picha safi haimaanishi koo safi; kipimo cha CT ndicho kinachouona vizuri. Na huku kwetu, kwa walaji wa sato kando ya Ziwa Victoria na wa changu pwani, mwiba una tiba yake kila nyumba: meza bonge la ugali, meza ndizi mbivu bila kutafuna, meza tonge la wali mkavu. Tiba hii inasifiwa kwa sababu mara nyingi huonekana imefanya kazi. Ama mwiba ulikuwa umeshika kidogo tu, ama ulikuwa umekwisha kwenda na kuacha mkwaruzo unaouma kama mwiba. Ambao haikuwafaa hatuwasikii mezani.

Ukweli ni kwamba miiba mingi hukwama juu, kwenye matezi ya koo au kwenye shina la ulimi, mahali ambapo mtaalamu mwenye taa na kioo kidogo anaiona na kuitoa kwa koleo mgonjwa akiwa amekaa kitini. Bonge la ugali linauchukua mwiba huo uliokuwa unaonekana na kuuzamisha kusikoonekana, ndani ya umio, ambako sasa utahitaji nusukaputi na chumba cha upasuaji. Na nusukaputi yenyewe inaahirishwa kwa sababu tumbo limejaa ugali. Sidhani kuna desturi nyingine ya jikoni kwetu yenye nia njema hivyo na hasara kubwa hivyo. Mwiba ukikwama, acha kula. Maumivu ya kumeza yakiendelea hadi siku ya pili, au ikija homa, maumivu ya kifua au shingo kuvimba, hiyo si safari ya kuahirishwa.

Ncha kali inaweza kutoboa umio, na nje ya umio ni moyo, mapafu na mishipa mikubwa. Bakteria wa mdomoni wakimwagika huko, mgonjwa huwa mahututi kwa muda mfupi. Mbaya zaidi ni mwiba au mfupa uliokwama pale ambapo umio unapitana na aota. Mwaka 1914 Hans Chiari, mtaalamu wa patholojia kutoka Austria, alieleza mfuatano wa dalili zake: maumivu ya kifua, kisha kutapika damu kidogo, kisha saa au siku za nafuu ambapo mgonjwa anaonekana amepona, kisha damu nyingi isiyozuilika. Nafuu hiyo ya katikati ndiyo nafasi ya mwisho ya kumwokoa. Aliyemeza mwiba kisha akatapika damu hata kijiko kimoja hatakiwi kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa sababu anajisikia vizuri.

Kutoa vitu kuna historia ndefu. Mwaka 1868 huko Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alipitisha bomba lililonyooka kwenye koo la mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza panga, akathibitisha kwamba njia hiyo inapitika. Aliyeifanya kuwa fani kamili ni Chevalier Jackson wa Philadelphia, aliyefariki mwaka 1958. Vitu alivyotoa kwenye koo na vifua vya watu, pini, vifungo, mifupa, meno, alivihifadhi kimoja kimoja, na zaidi ya 2,000 kati yake viko leo katika jumba la makumbusho la Mütter la mji huo. Alifundisha kanuni inayofuatwa mpaka sasa: ncha inayotangulia hutoboa, ncha inayofuata nyuma haitoboi, kwa hiyo pini iliyofunguka ielekezwe kwanza ndipo ivutwe. Lakini Jackson hakutosheka na chumba cha upasuaji. Aliona watoto wengi waliokunywa magadi makali ya kusafishia na umio zao zikazibwa na makovu, akapigania kwa miaka sheria ya kuweka alama ya sumu kwenye vifungashio. Sheria hiyo ilipita Marekani mwaka 1927.

Kwetu, kazi hii kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa mabingwa wa masikio, pua na koo, kwa bomba gumu na nusukaputi. Kwingineko hutumika zaidi bomba laini linalopinda. Kwa kitu kilicho juu kabisa mlangoni, matokeo ya njia hizi mbili hayatofautiani sana, na sioni haya kusema kwamba mkono uliozoea bomba gumu ni bora kuliko bomba laini jipya lisilo na aliyelizoea. Bomba laini linashinda chini zaidi, na linashinda pale inapobidi kuchukua kinyama cha kupima. Ipo na njia ya tatu kwa sarafu peke yake, iliyoelezwa kitabibu tangu 1966: katheta ya Foley, mpira uleule wa kutolea mkojo, hupitishwa hadi chini ya sarafu, puto lake hujazwa, kisha huvutwa taratibu mtoto akiwa kichwa chini. Haihitaji nusukaputi na gharama yake ni ndogo. Inafaa kwa sarafu iliyomezwa karibuni, kwa mtoto asiye na shida ya pumzi wala ugonjwa wa umio, na mbele ya mtu awezaye kuokoa njia ya hewa sarafu ikiangukia huko. Haifai kwa chenye ncha, na haifai pale ambapo hakuna uhakika kama duara lile ni sarafu kweli.

Muda wenyewe umepangwa. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2016 inataka betri, vitu vyenye ncha na kizuizi kinachozuia hata mate vitolewe umioni ndani ya saa mbili ikiwezekana, na isizidi sita. Vingine visivyo na ncha vinaweza kusubiri hadi saa 24. Sarafu iliyosubiri ipigiwe picha tena kabla ya kumlaza mtoto mezani, kwani baadhi huwa zimeshashuka. Sumaku mbili au zaidi nazo zina haraka yake, kwa sababu zikifika matumboni hushikana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Meno bandia ya plastiki huenda yasionekane kwenye picha kabisa, na vikamatio vyake vya waya hukwaruza kila inapojaribiwa kuyavuta.

Kwa mtu mzima mambo hubadilika tena. Yeye hukwamwa na pande la nyama, na mwenzake pembeni humpa soda ili gesi ilisukume. Jaribio lililofanyika Uholanzi kwa wagonjwa 51, likachapishwa mwaka 2023, halikuona tofauti kati ya waliopewa kola na waliosubiri tu. Zamani hospitali zenyewe zilijaribu papeini, kimeng'enya cha papai kinacholainisha nyama, kitu ambacho mpishi yeyote wa mishkaki anakijua. Iliachwa baada ya kubainika kwamba haichagui kati ya nyama iliyokwama na nyama ya umio wenyewe.

Ila swali kubwa kwa mtu mzima ni kwa nini nyama imekwama. Umio mzima hupitisha tonge la nyama bila shida. Katika nchi za Magharibi sababu kubwa siku hizi ni uvimbe wa aina ya mzio. Kwetu ni lazima ifikiriwe saratani. Ukanda wa saratani ya umio unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na magharibi mwa Kenya Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwawekea wagonjwa hao mirija ya kuupanua umio wapate kumeza. Wengi hufika ugonjwa umeshaenea. Pande la nyama linaweza kuwa ndiyo dalili ya kwanza kabisa, na anayelitoa bila kuangalia ukuta wa umio, au bila kumpangia mgonjwa siku ya kurudi kuangaliwa, amepoteza nafasi ambayo haitajirudia mapema. Baba anayesema nyama ilimkwama mwaka jana pia, na kwamba tangu hapo anateremshia ugali kwa maji, ameshaeleza karibu kila kitu.

Kuhusu vitu vya kuchezea vyenye betri, yaliyofanyika mwaka 1927 kwa sheria aliyoipigania Jackson yanaweza kufanyika tena. Australia ilianza kulazimisha viwango vya usalama vya betri bapa Juni 2022, na Agosti mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria inayotaka kidude chenye betri ya aina hii kiwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Kwenye meza za Kariakoo na Gikomba vinyago vinavyowaka taa, mishumaa ya plastiki na rimoti ndogo vinauzwa kwa bei ya soda, na vingi hufunguka kwa ukucha. Skruu moja kwenye kifuniko ingetosha, na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya ndiyo yenye uwezo wa kuidai bandarini.

Hadi hapo, mzigo uko kwa tabibu wa kituo cha afya usiku, mwenye mtoto mmoja na mama mwenye wasiwasi. Aandike kilichomezwa au kinachodhaniwa, saa kilipomezwa, saa mtoto alipokula mara ya mwisho. Azuie chakula. Kama betri haijaondolewa kwenye orodha ya uwezekano, aihesabu kuwa ni betri, apige simu hospitali ya rufaa ili chumba cha upasuaji kianze kuandaliwa, na mtoto aondoke na gari lolote lililopo badala ya kungoja gari la wagonjwa. Baada ya kutolewa betri, madaktari husafisha kidonda kwa maji yenye asidi hafifu ya siki, kama umio haujatoboka, na humzuia mtoto kula kwa mdomo mpaka waridhike. Hata hivyo ukuta uliokwisha kuungua unaweza kuendelea kuoza kwa siku nyingi, na damu imewahi kufumka wiki kadhaa baada ya betri kutoka. Mama anaporuhusiwa kwenda nyumbani aambiwe hivyo waziwazi: mtoto akitapika damu, akipata choo cheusi, au akianza kupaliwa kila akinywa maji, amrudishe siku hiyohiyo, na ampeleke kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji.